Dumu la Kitambaa cha Bluu

"Nusa! Nimesema nusa, usinitolee macho kama taa za lori!"

Mama Cherehani alikuwa amelikumbatia dumu la manjano na kulisogeza mpaka kifuani kwa jirani yake. Mama Usafi akarudi nyuma hatua moja, ufagio mkononi.

"Saa moja asubuhi, mtu hata mswaki hajapiga, unamletea dumu puani. Umelala vibaya?"

"Nimelala vizuri, nimeamka vibaya! Nina sare arobaini za kukabidhi leo jioni, umeme hakuna, nimetia petroli yangu kwenye jenereta yangu. Imekohoa mara tatu, ikatoa moshi, ikafa. Ndipo nikanusa. Kuna nini humu ndani, jirani? Dizeli! Dizeli ya mumeo, ndani ya dumu langu."

"Mume wangu si mwizi wa petroli. Gari lake halinywi petroli, na wewe unajua."

"Neno mwizi limetoka kinywani mwako. Mimi sijalitamka."

Milango mingine miwili ya ua ule ilikuwa imeshafunguka. Mama mmoja alitoka na mtoto mgongoni, akasimama chini ya kamba kana kwamba anaanika nguo, ila mkononi hakuwa na hata soksi.

Ua ulikuwa na nyumba nne, bomba moja na baraza moja ndefu ambayo Mama Usafi aliisugua kama sahani ya harusi. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na jirani zake siku walipomkuta anafuta mawe ya mlangoni kwa kitambaa kibichi. Wiki ya tatu sasa mafuta yalikuwa ya kugombania mjini. Mwenye gari la petroli alihangaika. Mwenye gari dogo la dizeli aliteseka. Kituo cha karibu kilikuwa na pampu moja tu ya dizeli, nayo ilikuwa ya malori: mdomo wake mnene hauingii sawasawa kwenye tangi la gari dogo, ukilazimisha mafuta yanatoa povu, povu linapanda, pampu inajizima, mhudumu anasonya, na nyuma yako malori sita yanapiga honi kana kwamba umeyazibia njia ya mbinguni. Ndiyo maana Dereva, mume wa Mama Usafi, alikuwa anapanga foleni kila Jumamosi na dumu lake, analijaza na kuliweka barazani.

Dumu hilo lilikaa ukutani kando ya dumu la petroli la Mama Cherehani. Yote mawili ya manjano, mapacha wa kuzaliwa. Tofauti yao ilikuwa vitambaa viwili, mabaki ya cherehani: chekundu shingoni mwa petroli, cha bluu shingoni mwa dizeli. Dereva ndiye aliyevifunga, na ilijulikana kwamba mtu mwingine havigusi.

"Hiki kitambaa ni rangi gani?" Mama Cherehani alikivuta kwa kidole.

"Chekundu."

"Chekundu ni nini?"

"Petroli."

"Basi kaiambie jenereta, labda wewe itakusikia!" Akafungua kifuniko, akaliinamisha dumu ukingoni mwa mtaro. "Mafuta yenu haya, yafuateni huko yanakokwenda!"

Mafuta yakatoka kwa kwikwi, mazito, rangi ya chai hafifu. Yakamwagika mtaroni, na mengine yakarukia barazani.

"Sakafu yangu!" Mama Usafi alipiga kelele. "Jana tu nimeisugua!"

Mama Cherehani hakuacha mpaka dumu likalia tupu. Hapo ndipo yule mama mwenye mtoto mgongoni alipoongea, polepole, kama mtu anayejumlisha kwa vidole.

"Samahanini. Kama dizeli ndiyo hiyo mtaroni... Dereva amejaza nini kwenye gari leo asubuhi?"

Bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja kwenye ndoo, na kila tone likasikika.

Dereva alikuwa ameondoka saa kumi na mbili. Kabla ya kuondoka alinyanyua dumu la kitambaa cha bluu, akalimimina lote kwenye tangi, akaliacha tupu kando ya ukuta. Mwingine angenusa. Yeye miaka ishirini na miwili ya dizeli ilikuwa imemla pua. Kwake hewa yote ilinuka dizeli, hata mto wa kulalia. Kisha akawapakia wagonjwa wake watatu wa figo, ambao kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aliwapeleka hospitali ya ng'ambo ya daraja kusafishwa damu. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Wa pili alikuwa mlinzi wa benki. Wa tatu alikuwa Mwalimu, mume wa Mama Cherehani.

Dumu tupu likamponyoka Mama Cherehani mikononi.

"Mwalimu wangu yumo humo," alisema. Sauti haikuwa tena ya ugomvi.

Mama Usafi alikuwa ameshika ufagio kwa mikono miwili. Hakuwa anatazama dumu. Alikuwa anatazama kamba ya nguo, mahali pale pale ambapo jana, Jumapili, alivianika vitambaa viwili baada ya kuvifua. Vilikuwa vyeusi kwa masizi na vilimkera. Alisugua baraza, akasogeza madumu huku na huku kupisha brashi, akavifua vitambaa, na jioni akavifunga tena huku anapiga soga na mgeni: bluu kulia, chekundu kushoto, kama siku zote. Jioni hiyo hakukumbuka kwamba alipoyarudisha madumu ukutani, la kulia lilikwenda kushoto. Wala hakunusa. Nani ananusa dumu mbele ya mgeni?

"Mumeo ni mzembe," Mama Cherehani alisema. "Mzembe! Si ndiye anayefunga vitambaa? Mpigie simu!"

Mama Usafi akachomoa simu. "Nampigia," alisema. Kamba ya nguo akaipa mgongo.

*

Simu iliita, ikakatika. Dereva hakupokea simu akiwa na wagonjwa. Ilikuwa sheria yake, na wateja walimpendea hiyo. Mama Usafi alipiga mara nne. Kila alipopiga aliuona mteremko: ile barabara ndefu inayoshuka kutoka mtaani hadi darajani, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Mumewe alishawahi kumweleza. Injini ya dizeli ikizima mteremkoni, breki inakuwa jiwe. Unaikanyaga kwa miguu miwili, nayo inakutazama tu.

"Pengine halijafika mteremkoni," alisema yule mama mwenye mtoto.

"Saa moja na robo hii? Limeshafika," alijibu Mama Cherehani. Alikuwa amekaa barazani, juu ya ule unyevu wa mafuta, gauni likilowa, wala hajali. "Tangu Ijumaa hajasafishwa. Siku tatu za maji mwilini. Jana usiku nimemlaza kwa mito minne, anahema kama aliyekimbia. Nimemvua soksi, alama ya soksi imebaki kwenye mguu kama kaburi."

Simu ikaita yenyewe. Mama Usafi nusura aiangushe.

"Tuko hai," Dereva alisema kabla hajaulizwa. Nyuma yake kulikuwa na upepo na magari. "Waambie tuko hai. Lilianza kugonga kule juu, likakosa nguvu, likazima katikati ya mteremko. Nimelilaza kwenye ukuta wa udongo. Taa imevunjika, ubavu umechunika. Watu ni wazima."

"Baba Watoto..."

"Nimetia petroli. Mlinzi ndiye aliyenusa. Sijui nilifanyaje, mke wangu. Nilifunga vile vitambaa kwa mikono yangu." Gari likapita nyuma yake kwa kelele. "Pikapu imepita, ilikuwa na nafasi mbili mbele. Mwalimu amewapisha wenzake. Anasema yeye ni mkongwe wa foleni. Niko naye hapa, nimemkalisha kando ya barabara kwenye kiti nilichokitoa garini. Anahema vibaya. Hakuna anayesimama, kila mtu anabana mafuta yake. Tangi nimelimwaga. Nahitaji dizeli, hata lita kumi, tufike kabla ya saa nne. Ikipita saa nne wanampa mtu mwingine mashine. Ile iliyobaki nyumbani iletwe haraka."

Mama Usafi alitazama mtaro. Mafuta yalikuwa yanakwenda taratibu chini ya ukuta, yanang'aa rangi saba.

"Nitaleta dizeli," alisema.

Mama Cherehani alikuwa amesikia kila neno. Naye alikuwa anatazama mtaroni. Akainuka, akaokota dumu lililomponyoka, akalipangusa kwa upindo wa gauni lake.

"Twende," alisema. "Na usiniambie kitu njiani."

*

Kituo cha kwanza kiliandika kwa chaki ubaoni: DIZELI HAKUNA, USIULIZE. Mama Cherehani akauliza. Akaambiwa asome ubao.

Cha pili kilikuwa nayo, lakini foleni ya malori ilizunguka hadi nyuma ya soko. Wanawake wawili wakapita pembeni na dumu lao, wakakatiza kati ya magurudumu yaliyowazidi urefu, wakafika kwenye pampu. Mhudumu alikuwa dada wa makamo mwenye kofia ya kampuni na uso wa mtu aliyetukanwa tangu alfajiri.

"Dumu marufuku," alisema bila kuwatazama.

"Jumamosi mume wangu amenunua hapa hapa," alisema Mama Usafi.

"Tangu jana marufuku. Wafanyabiashara wa magendo wanatumaliza. Leta gari."

"Gari limezima, dada yangu. Halina mafuta. Ndiyo maana nimeleta dumu."

"Basi lisukumeni mpaka hapa, nitalijaza."

"Liko mteremkoni! Tulisukume kupanda?"

"Mimi nauza mafuta, mama, siuzi milima."

Madereva wawili wa malori wakacheka. Mama Usafi akasikia masikio yanawaka moto. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Kuna mgonjwa. Mzee wa figo. Yuko kando ya barabara, anahema. Ana saa mbili tu."

"Leo nimeshaletewa wagonjwa saba, wajawazito watatu na maiti mmoja," alisema mhudumu. "Wote walikuwa ndani ya dumu. Pisheni."

Honi ikalia nyuma yao kwa nguvu iliyotikisa tumbo. Mama Usafi akarudi nyuma, mguu ukaingia kwenye dimbwi la mafuta machafu, ndala ikabaki humo. Akainama kuitoa. Yeye, aliyefuta mawe ya mlangoni, akatumbukiza mkono hadi kwenye kifundo.

Mama Cherehani hakuwepo tena ubavuni mwake. Alikuwa ameshapanda ngazi ya lori la kwanza na kuingiza kichwa dirishani.

"Kaka, unaelekea wapi?"

"Machimboni, kubeba kokoto. Shuka kwenye lori langu."

"Machimbo si yapo chini ya mteremko? Lori halivuki daraja mchana, si ndiyo?"

"Unataka kuwa trafiki?"

"Nataka kuwa abiria. Na nataka ujaze lita ishirini zaidi, nilipe mimi, halafu unipe mteremkoni. Dumu haruhusiwi kulijaza yeye. Wewe umekatazwa na nani?"

Yule dereva wa lori alikuwa mnene, shingo fupi, meno mawili ya mbele hayapo. Alimtazama mwanamke huyu kama anayetazama hesabu ngumu. Kisha akaangua kicheko. "Mumeo anakula raha nyumbani au anakula adhabu?"

"Leo akifika jioni, muulize mwenyewe."

Mhudumu alisikia yote. Akageuza uso upande wa pili, akaingiza mdomo wa pampu kwenye tangi la lori, akajaza. Pampu ikajizima katikati kwa povu. Wakasubiri povu litulie. Akajaza tena, ikajizima tena. Mama Usafi alihesabu pumzi zake mwenyewe. Saa ya ukutani ya kituo ilionyesha saa mbili na dakika ishirini na tano. Kila povu lilivyopanda, alimwona Mwalimu kwenye kile kiti kando ya barabara, na maji yakipanda kifuani mwake vivyo hivyo, taratibu, bila kelele.

*

Waliliona gari kutoka mbali, limelalia ukuta wa udongo kama ng'ombe aliyechoka. Dereva alikuwa amefunua boneti. Alipoona lori likisimama na mkewe akishuka ndani yake, alisahau hata kushangaa.

Mwalimu alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha gari, mikono magotini, mdomo wazi kidogo. Midomo ilikuwa imeingia rangi ya majivu. Mama Cherehani akapiga magoti mbele yake.

"Umechelewa darasani," Mwalimu alimwambia. Maneno mawili hayakutoka kwa pumzi moja. Yalitoka kwa pumzi mbili.

"Usiongee."

"Miaka thelathini... nimelipwa... kwa kuongea."

Dereva wa lori akatupa chini mpira wa kunyonyea mafuta. "Huo hapo. Tangi lile kule. Mimi sivuti, meno yangu yameondoka na kazi hiyo."

Dereva alikuwa chini ya gari, anafungua chujio. Mama Cherehani alikuwa amemshika mumewe mgongo. Akabaki Mama Usafi. Akautazama mpira: mweusi, umepasuka ncha, una vumbi na alama za midomo ya watu. Akaufuta kwa kitenge, mara moja tu. Akauingiza kwenye tangi, akauweka mdomoni, akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, na dizeli ikamjaa kinywa chote, ya moto kwa jua, chungu, nzito, ikamshuka kooni kabla hajautoa mpira. Akauelekeza kwenye dumu. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akatema, akafuta ulimi kwa kitenge, na ladha ikabaki pale pale.

Mama Cherehani alimtazama kwa muda.

Wakamimina kwa faneli ya chupa iliyokatwa. Upepo ulirusha nusu, nusu ikaingia. Dereva akapampu mafuta kwa mkono, akalegeza bomba, akatoa upepo, akakaza, akawasha. Injini ikazunguka bila kushika. Akarudia. Betri ikaanza kuchoka. Sauti yake ikapungua kama mtu anayesinzia.

"Tulivute nyuma kwa kamba," alisema dereva wa lori, "halafu uliachie lishuke. Likifika gia ya pili litashika lenyewe."

"Lisiposhika?" aliuliza Mama Usafi.

Wote walitazama chini, kule daraja lilikoonekana jembamba kama rula.

"Mzee abaki hapa," Dereva alisema. "Nishuke peke yangu, likishika nirudi kumchukua."

"Ukirudi... saa imeenda," Mwalimu alisema. "Nipakieni."

Wakakirudisha kiti, wakampakia. Mama Cherehani akaingia upande wake wa kushoto. Mama Usafi akaingia upande wa kulia bila kuambiwa. Lori likawavuta hadi barabarani, kamba ikafunguliwa, na gari likaanza kwenda lenyewe, kimya, upepo tu ukipiga madirishani. Kimya kile ndicho kilichomtisha. Gari linalotembea bila sauti ni kama mtu anayetembea usingizini. Mguu wa mumewe ulikuwa juu ya breki. Mkono wa Mwalimu ulikuwa baridi juu ya mkono wake. Hakujua nani kamshika mwenzake. Sema sasa, alijiambia. Sema, usife na siri ya kitambaa. Mdomo ukafunguka.

"Shikilieni!" Dereva alisema, akaachia klachi. Gari likaruka, likagonga, likatoa moshi mweusi, likagonga tena, na injini ikaunguruma.

Mama Cherehani akaanza kulia kwa sauti. Mama Usafi akafunga mdomo. Kesho, alijiambia. Au jioni.

*

Walifika saa nne na dakika kumi na mbili. "Mashine haisubiri mtu, wazee wangu," alisema nesi, hata hakuwa mkali. "Wa saa nne yuko kitandani. Ngojeni pale, wamwekee hewa. Mmoja akimaliza mapema nitawaita."

Wakawekwa kwenye benchi la ukumbini, Mwalimu na barakoa ya hewa, Shangazi na mlinzi wakiwa tayari ndani kwenye mashine zao. Hapo ndipo hofu ya Mama Cherehani ilipopata pa kutokea. Ikamtokea Dereva.

"Miaka ishirini na miwili!" alisema, ukumbi mzima ukageuka. "Miaka ishirini na miwili unaendesha, hujui petroli na dizeli! Hata mtoto ananusa! Mume wangu akifa hapa, nitakwenda mlango kwa mlango. Hutabeba hata maboga katika mji huu!"

Dereva alisimama mbele yake, kofia mkononi, mikono myeusi, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Kosa ni langu, mama," alisema. "Sina la kusema."

Mama Usafi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo. Ladha ya dizeli ilikuwa bado kooni. Wanawake waliokuwa kwenye benchi la pili walimtazama mumewe kuanzia viatu hadi kichwani, mmoja akatikisa kichwa, akasogeza mkoba wake. Mama Usafi aliona ule mkoba unavyosogezwa. Akatazama sakafu. Ilikuwa safi, na hilo halikumsaidia.

Saa nane nesi akaita. Mwalimu akaingia ndani kwa kiti cha magurudumu. Walimpa saa mbili na nusu badala ya nne. Alipotoka midomo ilikuwa imerudi rangi yake, na jambo la kwanza alilouliza ni kama zile sare arobaini zimekwisha.

*

Walirudi jua likiwa bado barazani. Ua mzima ulikuwa nje. Dereva alizima gari, akashuka na dumu la safari, akalirudisha ukutani, akasimama mbele ya madumu mawili matupu. Kitambaa cha bluu kulia. Chekundu kushoto. Simu ilikuwa imemlia pale hospitali, kabla hawajaondoka: mtoto wa Shangazi, kwa adabu kubwa, alimwambia kuanzia Jumatano asihangaike. Baada yake akapiga mlinzi wa benki, maneno yale yale.

Mama Cherehani alikuwa amemwingiza mumewe ndani, harufu ya chakula ikaanza kutoka mlangoni kwake. Dereva akautoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka kwenye kizingiti cha dirisha.

"Nitaliuza," alisema.

"Baba Watoto, umechoka, kaa kwanza."

"Sijachoka. Naogopa." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Nakumbuka nilivifunga. Nalikumbuka fundo lenyewe. Jumamosi, nimetoka foleni, nikafunga bluu kwenye dizeli. Nimefikiri siku nzima na bado nakumbuka hivyo. Sasa kama kichwa changu kinakumbuka jambo ambalo mikono haikulifanya, kesho itakuwa nini? Nitakumbuka kwamba nimekanyaga breki? Mtu wa namna hiyo habebi watu."

Yule mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa chini ya kamba tena. Safari hii alikuwa na nguo, lakini alikuwa ameanika shati moja mara tatu.

"Nilivifua," alisema Mama Usafi.

"Nini?"

"Vitambaa. Jana. Vilikuwa vichafu. Nikayasogeza madumu, nikavifua, nikavifunga tena mimi. Sikunusa." Alisikia sauti yake ikipaa juu ya ua, haina pa kujificha. "Mikono yako haina kosa."

Dereva hakusogea. "Umejua saa ngapi?"

"Asubuhi. Alipomwaga."

"Nilipokupigia simu kutoka mteremkoni, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na pale hospitali."

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimdondoka kwenye kifua cha gauni lililokauka dizeli.

Mama Cherehani alikuwa ametokea mlangoni, mwiko mkononi. Kila mtu uani alijiandaa. Hata mtoto wa mgongoni aliinua kichwa. Mama Cherehani akavuta pumzi, mwiko ukapanda. Halafu macho yake yakaangukia mtaro, pale ambapo rangi saba zilikuwa bado zinang'aa juu ya maji machafu, na pumzi ikabaki kifuani. Mwiko ukashuka.

"Nani analia huko nje?" iliuliza sauti ya Mwalimu kutoka ndani, dhaifu lakini nzima, maneno yote kwa pumzi moja.

"Mama Usafi," alijibu mkewe.

"Analilia nini?"

Mama Cherehani akageukia ndani. "Vitambaa alivifua yeye. Akavifunga visivyo."

Kijiko kilisikika kikiwekwa juu ya sahani.

"Mie ndiye niliyekuwa garini," Mwalimu alisema hatimaye. "Wa kukasirika ni mimi, na mimi nina njaa. Nimewekewa sahani ya mtu mzima na nimepimiwa tumbo la kasuku. Mwambie aje anisaidie, na asinawe mara kumi, wali utapoa. Na huyo mumewe mwambie Jumatano ni keshokutwa. Saa kumi na mbili kamili, sitaki kuchelewa tena."

Dereva alikuwa bado hajamtazama mkewe. Alikwenda bombani, akafungua maji, akaanza kusugua mikono yake kwa sabuni, kidole kimoja kimoja. Lakini ufunguo haukuwepo tena kwenye kizingiti cha dirisha.

Mama Cherehani akasogea pembeni ya mlango, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita. Alitazama ndala ya jirani yake, nyeusi kwa mafuta ya kituo, kisha sakafu yake mwenyewe.

"Usivue," alisema. "Ingia hivyo hivyo. Karibu, chakula kiko mezani."